Pola: kalkuleta inasema −53.13, kitabu kinasema 126.87

Kibanda_Mbagala: Wakuu, habari za usiku. Narudia Hisabati ya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nasoma nikishafunga kibanda, saa nne hivi, saa ambayo sina mwalimu wa kumgongea mlango. Nukta ni (−3, 4), inatakiwa iandikwe kwa pola, yaani kwa umbali wake kutoka sifuri (r) na pembe yake. r nimepata: 9 jumlisha 16 ni 25, kipeuo chake 5. Pembe ndiyo imenishinda. Nagawa 4 kwa −3, nabonyeza tan⁻¹, inakuja −53.13. Kitabu kinasema 126.87. Nimeazima hata kalkuleta ya jirani, jibu lile lile.

Mwalimu_Mstaafu: Mwanangu, kugawa hujakosea. Tatizo hukuichora nukta kwanza. 4 kwa −3 na −4 kwa 3 vinatoa jibu moja, kwa hiyo ukishagawa, kalkuleta haijui tena hasi ilikuwa ya x au ya y. Yenyewe inatoa pembe za kati ya −90 na 90 tu, upande wa kulia wa mhimili wa y.

Simama Posta, katikati ya Dar, hapo ndipo sifuri. Mashariki ni x chanya, kaskazini ni y chanya. Nukta yako iko kaskazini-magharibi, kama mtu anayekwenda Mwenge. −53.13 inakuelekeza kusini-mashariki, unavuka maji kwenda Kigamboni! Mstari ni ule ule, umegeuziwa mgongo. x ikiwa hasi, ongeza 180: −53.13 + 180 = 126.87.

Mpima_Viwanja: Mwalimu kamaliza. Niongeze tu, kwa kuwa limewahi kunigharimu siku nzima ya kazi: sisi uwandani tunapima kuanzia kaskazini, kufuata mwendo wa saa. Uelekeo huo huo kwangu ni 323.13. Ya darasani inaanzia x chanya, kinyume cha saa. Usichanganye.

Kibanda_Mbagala: Nimechora, nimeona. Shikamoo Mwalimu. Na (0, −2) je? Kalkuleta inagoma kabisa.

Mwalimu_Mstaafu: Marahaba. Hapo unagawa kwa sifuri, lazima igome. Tazama mchoro: nukta iko chini ya sifuri, kwenye mhimili wa y wenyewe. r ni 2, pembe 270. Halafu kila jibu lirudishe: r mara kosaini ikupe x, r mara saini ikupe y.

Kibanda_Mbagala: Nimerudisha ile ya kwanza, imetoa −3 na 4. Sasa (−1, −√3): tan⁻¹ imetoa 60, nimeongeza 180, naandika r = 2, pembe 240. Nimerudisha pia, inakubali.

Mwalimu_Mstaafu: Sahihi kabisa. Kalale sasa.