Wamenijibu kwa voisi ya mama yake mpiga dramu!!!

Wakuu, mnisamehe makosa ya uandishi, naandika huku vidole vinatetemeka.

Kuna bendi moja ya metali. Siitaji. Ni wale wa nembo inayofanana na mizizi ya mti uliong'olewa na tembo, mnawajua vizuri tu. Juzi waliachia wimbo wakaandika kwa herufi kubwa: TUPENI MAONI YA KWELI, TUCHANENI BILA HURUMA. Mimi boya nikaamini.

Nikakaa na huo wimbo saa mbili nzima. Hedifoni, spika kubwa, kwenye gari. Nadhani nimeusikiliza mara nyingi kuliko wao waliourekodi. Nikaandika kistaarabu, nikatanguliza sifa: rifu, kile kipande cha gitaa kinachojirudia, ya dakika ya pili ni moto, mwimbaji ana mapafu ya fahali. Ndipo nikagusia, kwa upole kabisa, kwamba magitaa yamejaza chini kote hadi besi haina pa kukaa, basi kwenye gitaa wakate kila sauti nzito iliyo chini ya hezi 80 au 100. Kiki, ile dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu, inasikika kama mtu anachapa godoro kwa kandambili, waipandishe kidogo kwenye sauti kali karibu na hezi 4000 ule mlio wa kinyundo utokeze. Gitaa la kushoto na la kulia ni rekodi ileile imenakiliwa, ndiyo maana wimbo mzima umebanana katikati. Mpiga gitaa apige mara mbili, maana ni zile tofauti ndogondogo za mkono zinazoufungua muziki ukawa mpana. Na gein, ile nguvu inayokwaruza sauti ya gitaa, wapunguze jamani, ile siyo distosheni, ni nyuki kwenye chupa.

Majibu yao? Voisi. Sekunde 11. Ya MAMA YAKE MPIGA DRAMU.

"Mimi mbona nasikia vizuri tu. Huyo anayekusema, yeye alishawahi kupiga hata debe?"

Hata debe, wakuu. HATA DEBE. Na nyuma yake maji yanamiminika, yaani mama wa watu anaosha vyombo, simu kaiegesha pembeni. Spika ya simu haitoi hezi 60 hata ukiipigia magoti! Hiyo kiki anayoitetea hajawahi kukutana nayo maishani mwake! Halafu mwimbaji akashusha vikatuni 14 vya kucheka. Nimevihesabu.

Sitoi maoni tena kwa bendi yoyote mpaka naingia kaburini. Debe!

Nyundo ya Sneya: Hujajibu swali la mama. Ulishawahi au hujawahi?

SikioMoja: Saa mbili kwa wimbo wa dakika nne. Mkuu, una shida nyingine, debe ni dalili tu.

Mstaafu wa Kelele: Nimecheka mpaka nimeulizwa kuna nini. Weka hiyo voisi hapa tuimiksi.

Jini la Kaseti: Nyie watu wa ekwalaiza, wa kukatakata sauti, ndio mnaoua huu muziki. Bendi ya Darkthrone walitoa albamu 1994 iliyorekodiwa kwa mashine ya treki nne, inasikika kama dhoruba ndani ya bomba, na mpaka leo inaheshimiwa. Waacheni vijana.

Mleta mada: Wale walichagua ile sauti. Hawa wameteleza wakaiangukia. Na Darkthrone hawakuandika TUCHANENI BILA HURUMA.

Besi Haisikiki: Afadhali wewe umetumiwa mama. Mimi napiga besi. Metallica mwaka 1988 walitoa albamu ambayo besi huisikii hata kwa tochi, na kuanzia hapo kila mpiga gitaa ninayempata ananiambia "mbona wao walifanya na wakauza?" Miaka kumi na mbili napiga nyuzi ambazo hata mke wangu anaamini hazijaunganishwa.

Nyundo ya Sneya: Bora ya 1988 kuliko yao ya 2003. Ile sneya, dramu ndogo yenye waya chini, ni ndoo ya bati. Waliacha zile waya za chini zikiwa zimelegezwa, wakaona sawa.

Jini la Kaseti: Ile sneya ndiyo kitu pekee kizuri kwenye ile albamu.

Nyundo ya Sneya: Toka hapa.

Fundi wa Usiku: Hamjui shida nyie. Mimi nililetewa wimbo nimiksi, ala zote na sauti ziko ndani ya faili moja la MP3. Namwambia nahitaji kila ala kivyake. Ananijibu: "Wewe toa tu lile gitaa la kushoto, lina makosa." Nitoe vipi? Chai ukishaikoroga utaitoa sukari? Na faili lenyewe linaitwa mwisho_kabisa_2_mpya_HII.

SikioMoja: "HII" hapo imeniua.

Mleta mada: Wakuu tusitoke nje ya mada. Nimeisikiliza tena. Sekunde ya saba anavuta pumzi KWANZA, ndipo anasema debe. Yaani ilipangwa.

Mstaafu wa Kelele: Umeisikiliza mara ngapi hiyo voisi?

Mleta mada: Siyo hoja.

Fundi wa Usiku: Huo wimbo nimeufungua sasa hivi, mchoro wa mawimbi yake ni tofali tupu. Wameukandamiza kwa limita, kizuizi cha vilele vya sauti, ili uwe na kelele kuliko wa wenzao, halafu ukifika Spotify unashushwa wenyewe hadi karibu na LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti. Wameua dramu bure.

Besi Haisikiki: Besi je, umeisikia?

Fundi wa Usiku: Kwani kuna besi?

Mgeni Jukwaani: Samahani wakuu, nje ya mada kidogo. Gitaa langu linavuma uuuu nikiliacha, nikishika nyuzi linanyamaza. Limeharibika?

Fundi wa Usiku: Halijaharibika. Nyuzi zimeunganishwa na waya wa ardhi, ukizishika mwili wako unaacha kuwa antena. Fungua lile tundu la nyaya, vika kuta zake karatasi ya shaba.

Mleta mada: Na ukae mbali na kompyuta na chaja. Ukimaliza rekodi sekunde kumi unitumie nisikilize.

Nyundo ya Sneya: Si ulisema mpaka kaburini?

SikioMoja: Shaba ni gharama za bure, alumini inatosha.

Fundi wa Usiku: Alumini haishiki risasi ukichomelea.

SikioMoja: Nani kakwambia uchomelee? Banisha waya kwa skrubu.

Jini la Kaseti: Mvumo huo mwacheni nao, ndio unaofanya gitaa liwe na roho.