Tupeane uzoefu: Ulimvutaje kijana kwenye meza ya vita vya kihistoria?

Ndugu zangu, ningependa kila mwenye uzoefu aeleze alivyomkalisha kijana kwenye mchezo wetu wa askari wadogo waliopakwa rangi, dadu na utepe wa kupimia, kwa sababu hapa Tanga wachezaji wa rika langu tumebaki wanne.

Naanza na langu. Kwa muda mrefu niliwaandalia wanangu na rafiki zao vita vya Waterloo, kule Ulaya, vya mwaka 1815, nikawasomea kanuni ukurasa baada ya ukurasa kabla hawajarusha dadu hata mara moja, nao wakaniaga kwa adabu wakaenda kucheza mpira. Likizo iliyopita nikatandaza mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia: Ras Kasone, waliposhukia wanajeshi wa Uingereza na India wapatao 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken, mashamba ya minazi na mipira mashariki ya mji, na reli ya Moshi iliyomletea Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, askari wake, ambao kwa jumla walikuwa kama 1,000 tu. Walipoiona Ras Kasone mezani, walisogeza viti wenyewe.

Kanuni nilizipunguza zikaenea ukurasa mmoja. Kila mzunguko, anayeongoza upande wa Wajerumani hurusha dadu kuona kama garimoshi limefika. Na kikosi kinachopigana mashambani, dadu yake ikiangukia moja, kinavamiwa na nyuki, kama ilivyotokea kweli siku ile, kwani nyuki hawakuchagua bendera. Vijana walilisubiri garimoshi roho juu. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwamba kijana apewe kwanza uamuzi mgumu wa kufanya, na historia ataiuliza mwenyewe. Binti wa jirani, mwenye miaka 13, aliuliza risasi zote hizo zilibebwa na nani. Nikamweleza habari za wapagazi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa katika vita vile kabla havijaisha mwaka 1918, naye akataka kujua kwa nini hawapo mezani. Sikuwa na jibu. Sasa wapo, yeye ndiye aliyewafinyanga kwa udongo, na kikosi kisicho na wapagazi hakisogei.

Mchangiaji wa Chumbageni: Shikamoo kaka. Kikwazo changu kilikuwa bei. Askari wangu wa milimita 28 niliwaagiza Uingereza, nikawakataza vijana wasiwaguse, na hilo lilikuwa kosa langu kubwa, maana nani atapenda mchezo asioruhusiwa kuugusa? Sasa tunaanza na vizibo vya soda vilivyobandikwa picha za karatasi, mapaa ya vibanda tunayaezeka kwa nyuzi za katani, na anayetaka kupaka rangi askari halisi hupewa mmoja akae naye nyumbani.

Mchangiaji wa Pangani: Huku tunacheza mapambano ya Abushiri na Wajerumani ya 1888 na 1889. Vijana wote hugombea kuwa upande wa Abushiri, kwa hiyo tunabadilishana pande katikati ya mchezo, na aliyewahi kukaa upande wa Hermann Wissmann, kamanda wa Wajerumani, huanza kuzihesabu bunduki kwa makini zaidi. Tunaanza baada ya Alasiri na kumaliza kabla ya Magharibi, la sivyo wazazi hawawaruhusu tena.