Naomba ushauri: kumpeleka mzee kuona ndege za kale Dayton

Ndugu wanachama, salaam. Baba yangu, fundi mstaafu wa ndege, anakuja kunitembelea hapa Ohio, nami natamani nimpeleke Dayton kwenye Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga la Marekani, hasa aione XB-70 Valkyrie, ndege ya majaribio ya kudondosha mabomu, yenye injini sita zilizopangwa safu moja mkiani, ambayo imebaki peke yake duniani tangu mwenzake alipoanguka mwaka 1966. Kiingilio ni bure, ila magoti ya mzee hayamruhusu kusimama muda mrefu, na ramani niliyoipitia inaonyesha kwamba Valkyrie imo katika jengo la nne, la mwisho.

Kwa mliowahi kufika, je, tuanzie huko moja kwa moja, au tufuate mpangilio wa miaka? Na je, ni heri tugawe ziara kwa siku mbili?