MGB ya bampa la mpira: tunaionea au inastahili?

Wakuu, ikitajwa MGB tu, lile gari dogo la michezo la kampuni ya MG, wapenzi wa magari ya zamani kule Uingereza wanagawanyika kambi mbili: bampa la krome na bampa la mpira. Kambi ya krome inasema gari hili liliishia 1974, na yote yaliyotoka kiwandani Abingdon kuanzia hapo hadi 1980 ni aibu. Mimi nabisha.

Lile bampa jeusi halikuja kwa sababu mchoraji alikuwa kalewa. Marekani, ndiko kulikokuwa na soko kubwa, walitunga sheria: gari likigongwa polepole taa zisiumie, na bampa liwe kwenye kimo wanachotaka wao. Hela ya kubuni gari jipya haikuwepo. Wakalivisha pua la chuma lililofunikwa mpira, kisha wakanyanyua bodi karibu sentimita 4. Kilichoharibu ni huko kunyanyua, si mpira. Tena lile lisilo na paa la bati likanyimwa stebilaiza ya mbele (kile chuma kinachozuia gari kulala upande), basi kwenye kona likawa linalala kama dau lililopigwa upepo wa ubavuni. Hayo ya 1975 na 1976 siyatetei hata mkinilipa.

Toleo la 1977 ni habari nyingine. Stebilaiza ilirudi ikiwa nene zaidi, na ya nyuma ikaongezwa. Betri ni moja ya volti 12. La mwanzo, la krome la 1962, lina mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti. Kuzikagua maji unatoa mizigo, unakunja zulia, unafungua kifuniko, ndipo uiname. Na gia namba moja ya yale ya mwanzo, ukiiingiza gari halijasimama, inasaga meno hadi wapita njia wanageuka.

*Jibu:* Mkuu, umeongelea betri ukakwepa sura. La 1962 ndilo walilolitaka MG wenyewe. Hilo lako ndilo walilolitaka Washington. Na nguvu je? Farasi 95 zikashuka hadi 65 hivi, kabureta mbili aina ya SU zikawa moja aina ya Stromberg. Gari la michezo hilo?

*Jibu:* Hiyo ya 65 ni ya Marekani, mkuu. Waingereza waliuziwa yenye SU mbili mpaka mwisho, injini ileile ya cc 1,798. Kwenye sura umenishinda, sibishi. Ila kimo kinashushika, watu wanafanya kila siku. Kutu ndiyo kesi: inaanzia ndani ya zile boksi za bati chini ya milango, ambazo ndizo zimebeba gari zima, na haiulizi bampa ni la nini. Mimi nachukua la mpira lenye chini safi, wewe baki na krome iliyojazwa puti. Kuna mwenye hoja nyingine zaidi ya sura?