Naomba ushauri: mathenge imenizidi, ning'oe au niache?

Habari zenu wakuu. Niko Moroto, Karamoja. Miaka minne iliyopita shemeji yangu alirudi kutoka Lodwar, Kenya, na miche mitatu ya mathenge, ule mti wa miiba, akasema itanipa kivuli na kuni, tena haiombi maji. Kweli haiombi! Sasa imenipita kimo, na miiba yake, mirefu kama kijiti cha kiberiti, jana imenitobolea tairi la pikipiki kwa mara ya tatu.

Mbuzi wanayapenda maganda yake kwa utamu, halafu mbegu zinapita tumboni nzima na kuota penye samadi. Kando ya zizi pekee nimehesabu machipukizi 17.

Nikashika panga. Kijana mmoja anayesomea misitu akanichanganya kichwa: eti mathenge, niliyoizoea kwa jina la kitaalamu Prosopis juliflora, tangu 2022 wataalamu wameihamishia jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Neltuma, na ile ya asili ya Afrika, Prosopis africana, ikawa Anonychium. Hiyo ya kwetu sitaki kuigusa. Nitazitofautishaje zikiwa bado changa?

Tena ndugu yake mathenge wa Texas na Mexico, glandulosa, yumo kwenye orodha ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Majina wabadilishe tu, miiba ni ileile.

Nikikata, kisiki kinachipua upya. Mliofaulu kukiua mlifanyaje? Na wa Baringo, Kenya, ni kweli maganda yaliwaharibu mbuzi wenu meno?