Mjadala: Dark Sun ifufuliwe na kampuni, au waachiwe mashabiki?

MWANZISHA MADA

Wadau wa kete na karatasi, salaam. Agosti 2025 Wizards of the Coast walitoa rasimu ya kanuni ili wachezaji wa mchezo wao wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, waijaribu. Ndani yake kuna mpiganaji wa uwanjani, mlinzi wa mimea, mchawi anayenyonya uhai wa ardhi, na mwingine aliyekula kiapo kwa mfalme-mchawi. Jina la Dark Sun halikutajwa, lakini nani asiyeijua Athas, dunia yake, hata ikivalishwa baibui?

Kwa walioingia juzi: Dark Sun, mojawapo ya dunia za mchezo huu, ilitolewa na TSR, kampuni iliyokuwa na mchezo wakati huo, mwaka 1991, kazi ya Troy Denning na Timothy B. Brown, na michoro ya Brom ambayo kwa wengi wetu ndiyo iliyotuvuta kabla hata ya kusoma kanuni. Athas ni dunia iliyokauka. Chuma ni adimu, watu wanapigana kwa mifupa, miti na mawe. Miungu hakuna. Na kilichoiua dunia hiyo ni uchawi wenyewe: anayeutumia ovyo anaacha majivu palipokuwa na majani. Miji michache iliyosalia iko chini ya wafalme-wachawi na inaendeshwa kwa jasho la watumwa.

TSR ilielemewa na madeni, 1997 ikanunuliwa na Wizards, na 1999 Wizards nao wakanunuliwa na Hasbro. Miongoni mwa mambo yaliyolaumiwa ni wingi wa dunia zenyewe: Forgotten Realms, Ravenloft, Spelljammer, Planescape, Birthright, Mystara, kila moja na wateja wake ambao hawakununua za wenzao. Nyingi zikafungiwa kabatini. Toleo la 3 la kanuni lilipotoka mwaka 2000, mashabiki wa athas.org ndio walioruhusiwa kuiandikia Dark Sun kanuni mpya, bila malipo. Kampuni yenyewe iliirudisha 2010 kwa toleo la 4, ikanyamaza tena. Halafu 2023 Kyle Brink, aliyekuwa mtayarishaji mkuu wa D&D, akasema hadharani kwamba Dark Sun ina matatizo mengi na kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutoirudia.

Hapo ndipo ninapokwazika. Kampuni inasema dunia hii ina matatizo, lakini vitabu vilevile vya 1991 inaviuza kwa PDF. Tangu 2020 imeviwekea onyo kwamba huenda yaliyomo hayaendani na maadili yake ya leo, basi, biashara inaendelea. Tangu 2016 pia ina soko la DMs Guild, ambako shabiki anaruhusiwa kuandika na kuuza kazi iliyomo ndani ya Forgotten Realms au Ravenloft na kubaki na nusu ya bei. Dark Sun haikuwekwa kwenye orodha hiyo. Yaani kitabu cha zamani chenye makosa yake ruksa kukinunua, ila kukiandika upya kikiwa kimesahihishwa ni marufuku!

Msimamo wangu: sihitaji kampuni iifufue Athas. Nataka ifungue mlango, wanaoipenda waifanyie kazi. Karibuni.

FUNDI RAMANI

Mkuu, unaomba ruhusa ya nini? Jangwa halina hakimiliki. Uchawi unaokausha mimea hauna hakimiliki. Januari 2023, baada ya wachezaji kuja juu kuhusu mpango wa kubadili leseni ya kanuni hizo, Wizards waliweka kanuni za msingi za toleo la 5 chini ya leseni huria ya Creative Commons, na hilo haliwezi kurudishwa nyuma. Chora ramani yako, ipe jina lako, uza, usigawane nusu na mtu. Kilichofungwa ni maandishi na michoro yao, na majina: Athas, mji wake Tyr, Dark Sun.

Na kama unasubiri kazi yao ifunguliwe, vuta kiti. Sheria ya Marekani inalinda kazi ya waajiriwa wa kampuni miaka 95 tangu ichapishwe. Ya 1991 itakuwa huru 2087. Tutakutana huko.

BI MKASA

Nimesoma mada yote, na naona suala la nani aandike limepewa uzito kuliko suala la kinachoandikwa.

Nimekulia Bagamoyo. Biashara ya watumwa kwangu si rangi ya kupamba mchezo, kwa hiyo watu wakija na hoja kwamba "Athas bila utumwa si Athas" huwa nawasikiliza kwa makini. Wengine wana hoja. Mkasa wa kwanza wa Dark Sun kuchapishwa peke yake nje ya boksi, *Freedom*, unawatia wahusika utumwani Tyr, wanamjengea mfalme Kalak piramidi lake la ngazi, na unaishia na anguko lake. Huo niliuendesha na ningeuendesha tena. Mchezaji yuko upande wa aliyefungwa, na ana njia ya kutoka.

Tatizo langu ni mul. Wanaoijua Athas wanamjua: mtoto wa binadamu na kibeta, anayezalishwa kwa makusudi ili auzwe kwa kazi na mapigano. Kanuni za 1991 hazikuishia kusema mabwana walimwona kama mnyama wa mizigo. Zilimpa nguvu zaidi na uwezo wa kufanya kazi ngumu muda mrefu bila kupumzika, kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Bwana anasema mtu huyu kaumbiwa sulubu, na karatasi ya mhusika inaitikia ndiyo. Hapo dhulma imeacha kuwa ya Kalak, imekuwa ya mwandishi wa kanuni.

Halafu halfling wa Athas, watu wafupi wa msituni wanaokula nyama za watu. Nani hajawahi kuiona picha hiyo? Imejaa kwenye maandishi ya wasafiri wa kikoloni waliopita misitu ya Kongo. TSR waliitia kwenye boksi kama kichekesho cha kuwageuza hobiti, nasi tukacheka.

Sasa mwanzisha mada, hao mashabiki wako ndio watakaoyarekebisha haya? Ninaokutana nao mimi wengi wanatetea kila nukta ya 1991.

JINI WA CHUPA

Bi Mkasa kanimaliza. Niongeze kidogo tu, maana mnazungumza Athas kana kwamba ndiyo pekee iliyozikwa. Al-Qadim je? 1992, Jeff Grubb, nchi ya Zakhara, masultani, misafara, majini kila kona, yote yakichotwa kwenye Alfu Lela Ulela. Miaka miwili hivi, ikaisha. Kwa mtu wa Pwani aliyelala kwa hadithi za bibi kuhusu majini, ile ndiyo ilikuwa dunia ya D&D iliyo karibu zaidi na nyumbani, ingawa iliandikwa na watu wa Wisconsin wenye filamu nyingi kichwani. Hakuna anayeipigia kelele. Nadhani ni kwa sababu haikuwa na damu ya kutosha.

MWANZISHA MADA

Bi Mkasa, kuhusu mul sina ubishi. Lakini unaposhuku mashabiki, linganisha na mbadala wake. Spelljammer ilirudi 2022, vitabu vitatu vya kurasa 64 kila kimoja, mikononi mwa kampuni yenye wahariri na washauri. Ndani yake wakaandika asili mpya ya hadozee, viumbe wanaofanana na nyani: mchawi aliwakamata, akawafanyia majaribio ili awauze wawe watumwa. Wasomaji wakapinga, na Septemba kampuni ikaomba radhi na kuifuta. Hiyo hadithi ya mchawi haikurithiwa kwenye boksi la 1989. Iliandikwa upya, juzi, na haohao wanaotuambia Athas ni ya hatari mno.

Kazi ya shabiki mmoja ikiwa na kosa, kuna nyingine kumi za kuchagua. Ya kampuni ikikosea, ndiyo rasmi.

Fundi Ramani, nimeicheza dunia ya jangwa niliyoibuni mwenyewe. Safi tu. Lakini nikikaa meza moja na mtu wa Brazili na mwingine wa Italia, nikitamka Tyr sote tunajua uwanja wa mapigano uko wapi na nani alimuua Kalak. Kumbukumbu hiyo imetunzwa na mashabiki miaka yote ambayo kampuni ililala. Siwezi kuitengeneza peke yangu kwa kubadili majina.

FUNDI RAMANI

Basi kubali kwamba unachodai ni ukumbusho, si mchezo. Sikatai. Ila usiseme umezuiwa kuandika.

BI MKASA

Kazi kumi za kuchagua, umesema. Niletee moja yenye mul asiyepewa mwili wa punda, na watu wa msituni wenye sababu ya kuishi walivyo. Nitakusanya wachezaji na nitaiendesha mwenyewe. Ukiniletea ya 1991 kwa jalada jipya, nitabaki na PDF yangu yenye onyo. Angalau ile inasema ilivyo.