Mjadala: Msimamizi anayekesha akifuta matusi bila malipo, anajitolea au anatumikishwa?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Jambo hili limenikaa kichwani muda mrefu, leo nalileta tulijadili bila povu. Kila jukwaa la kublogu lenye watu wengi lina kundi la wasimamizi wasiokuwemo kwenye orodha ya mishahara. Ndio wanaopitia makala kabla hazijatoka, wanaofuta matusi, wanaofungia akaunti za matapeli, wanaoamua ugomvi wa watu ambao hawajawahi kuonana na huenda wasionane maisha yao yote. Mwenye jukwaa anauza matangazo pembeni ya makala hizohizo. Msimamizi anaambulia beji karibu na jina lake.

Msimamo wangu: mwenye jukwaa akiwa anaingiza pesa, msimamizi alipwe. Na hili si geni. Miaka ya 1990 kampuni ya AOL ya Marekani ilikuwa na maelfu ya watu wa kujitolea walioongoza vyumba vya gumzo na kusimamia mbao za ujumbe. Kifuta jasho chao kilikuwa kusamehewa ada ya intaneti, na wakati ule ada ilihesabiwa kwa saa, kwa hiyo haikuwa kitu kidogo. Walikuwa na zamu, walijaza ripoti, walipitishwa kwenye mafunzo. Mwishoni mwa 1996 AOL ikahamia ada moja kwa mwezi. Msamaha ukapungua thamani, zamu zikabaki zilezile. Mwaka 1999 baadhi yao wakaenda mahakamani wakidai kwamba kisheria walikuwa waajiriwa. Kesi ikaburuzwa miaka zaidi ya 10, ikaishia kwa makubaliano ya dola milioni 15 mwaka 2010.

Mtu ana zamu, ana ripoti, ana wa kumuuliza kwa nini jana hakuingia. Kama hiyo si kazi, tuiiteje?

Kidole Gumba

Mkuu, hakuna aliyelazimishwa. Waliomba wenyewe, tena wengine kwa kubembeleza. Aliyechoka arudishe funguo, wapo ishirini wanaoimezea mate hiyo beji. Anayeimba kwaya anadai mshahara?

Mleta mada

Kwaya haiuzi matangazo, mkuu.

Msimamizi Mstaafu

Naomba niseme kama mtu aliyeshika hiyo beji miaka mitano, kwenye jukwaa ambalo jina lake naliweka kapuni.

Watu wanadhani kazi ni kufuta matusi. Matusi ni mepesi: unayaona, unayafuta, unaendelea na shughuli zako. Kinachokula muda ni makala nzuri, iliyoandikwa vizuri, halafu kwenye aya ya nne mwandishi kaanika mahali anapoishi mtu. Ni ugomvi wa watu wawili wote wenye makosa, na anayelalamika kwa sauti kubwa ndiye aliyeanza. Ni akaunti tano zinazokubaliana mno hadi unaanza kushuku kuwa nyuma yake yupo mtu mmoja, na huna namna ya kuthibitisha zaidi ya kukaa ukilinganisha anavyokosea herufi. Na ni yule anayeandika saa nane usiku kwamba kesho hatakuwepo.

Hilo la mwisho lilinikuta mara mbili. Sikuwa nimefundishwa la kufanya, wala sikuwa na namba ya mtu wa kumpigia. Mara ya kwanza nilikaa nikiandikiana naye hadi alfajiri, kisha nikaenda kwenye kazi yangu, ile inayonilipa, sijui kama yu hai. (Alikuwa hai. Alirudi wiki mbili baadaye kunilalamikia kwamba nimefuta picha yake.)

Pamoja na yote hayo, mshahara sikuutaka, na nikipewa leo nitaukataa. Ukishalipwa wewe ni wa mwenye jukwaa. Sisi tulipogoma, tuligoma kwa sababu hakukuwa na cha kutunyima. Mwaka 2023 jukwaa la mijadala la Reddit lilipotangaza kuwatoza ada kubwa watengenezaji wa programu za nje, ambazo baadhi yetu katika kazi hii ndizo tulizotegemea, wasimamizi wa maelfu ya jamii walizifunga kuanzia tarehe 12 Juni. Mwezi uleule wasimamizi wa Stack Overflow, jukwaa la maswali na majibu ya waandika programu, nao wakaweka chini zana, kisa wamezuiwa kuondoa majibu yaliyotungwa na akili mnemba. Mwajiriwa akifanya hivyo, kesho yake anaitwa ofisini.

Kidole Gumba

Na walishinda?

Msimamizi Mstaafu

Wa Stack Overflow walifikia makubaliano Agosti. Wa Reddit hapana. Ada ilibaki, programu ya Apollo, mojawapo ya hizo za nje, ikafungwa tarehe 30 Juni, na waliokaidi wakaambiwa wafungue milango la sivyo wataondolewa. Hilo linauma, na nakiri linampa mleta mada nguvu kuliko nilivyopenda.

Nusu Wakili

Mnagombania mshahara, mimi naangalia nani anabeba lawama mambo yakiharibika. Kuna kesi ambayo kila msimamizi angepaswa kuijua, na inahusu jukwaa la kublogu hasa.

LiveJournal ilianzishwa 1999. Moja ya jamii zake kubwa ilikuwa ya habari za mastaa, Oh No They Didn't. Watumiaji walileta habari, wasimamizi wa kujitolea wakazipitia na kupitisha takriban theluthi moja tu. Kampuni ya picha iitwayo Mavrix ikashitaki kwa sababu picha zake za mastaa zilikuwa zimewekwa pale bila ruhusa. LiveJournal ikajikinga na sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998, ile DMCA, inayompa mwenye jukwaa kinga kama kilichomo kimewekwa na mtumiaji mwenyewe. Mahakama ya chini ikakubali. Aprili 2017 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ikatengua na kuirudisha kesi chini: kwanza ijulikane kama wale wasimamizi walikuwa mawakala wa kampuni.

Angalieni majaji walichokitazama. Kampuni iliwapa maelekezo ya nini kipite na nini kisipite? Iliwagawa kwa ngazi za mamlaka? Ilikuwa na uwezo wa kuwaondoa? Mtumiaji wa kawaida angedhani anaongea na nani? Na kulikuwa na jambo moja la kuiumiza kampuni: kiongozi wa jamii ile ilikuwa imemwajiri kabisa.

Sasa jiwekeni kwenye kiti cha mwenye jukwaa. Ukiwafundisha wasimamizi, ukawapa mwongozo, ukawalipa, unasogea karibu na siku ambayo jaji atasema makosa yao ni yako. Ukiwaacha wajifie huko, uko salama zaidi. Mstaafu anasema hakufundishwa na hakuwa na namba ya kupiga. Watu hudhani huo ni uzembe. Mimi nashuku kuna mahali ni ushauri wa kisheria.

Mleta mada

Daah. Sikuwahi kuitazama hivyo. Kwa hiyo beji ni ya kumfanya msimamizi aonekane wa nyumbani mbele ya watumiaji, na mgeni mbele ya mahakama.

Kalamu Nyekundu

Nyote mnaongea kana kwamba wasimamizi ni malaika. Mimi nilifungiwa miezi sita kwa makala iliyomkosoa mtu ambaye baadaye niligundua ni rafiki wa msimamizi. Sababu niliyopewa: "kukiuka kanuni." Kanuni ipi? Kimya. Nikate rufaa wapi? Kwa yeye yuleyule. Makala zangu za miaka mitatu zilikuwa mle ndani na sikuweza hata kuzinakili.

Kabla hamjamlipa mtu wa namna hii, niambieni nani anamkagua. Wikipedia kila msimamizi anapofuta ukurasa au kumzuia mtu, inabaki kumbukumbu inayosomeka na watu wote: nani kafanya, lini, na kwa sababu gani aliyoiandika mwenyewe. Stack Overflow wasimamizi wanapigiwa kura na watumiaji. Huku kwingine tunaamka tu asubuhi na kukuta fulani kapewa rungu.

Kidole Gumba

Hapa ndipo naunga mkono. Rungu bila mkaguzi, hata liwe la bure, ni ghali.

Msimamizi Mstaafu

Kalamu, uliyofanyiwa hayana utetezi, na nimewaona wasimamizi wa aina hiyo. Mmoja nilifanya naye kazi, na ilituchukua mwaka mzima kumtoa kwa sababu mwenye jukwaa hakujibu barua pepe.

Kumbukumbu ya wazi naikubali kwa sharti moja: isibebe jina halisi, na kuwe na mtu wa kuwalinda walioandikwa humo. Kwetu tulijaribu. Mtumiaji mmoja niliyemfungia alikusanya maamuzi yangu yote, akaunganisha na vitu nilivyowahi kuandika kwingine, akapata jina langu, akamwandikia mwajiri wangu kwamba nawanyamazisha watu. Nilipoomba msaada, nilijibiwa kwamba hilo limetokea nje ya jukwaa. Ndiyo wiki niliyorudisha beji.

Na kwa mleta mada: waliolipwa nao hawakupona. Mwaka 2020 Facebook ilikubali kutoa dola milioni 52 kumaliza kesi ya wasimamizi wa maudhui waliosema kazi imewaumiza akili. Wale walikuwa na mishahara.

Mleta mada

Nimesoma yote na nalegeza kidogo, lakini sifuti. Mnasema pesa si jibu. Haya, tuangalie basi ni pesa kiasi gani. Watafiti wa vyuo vikuu vya Northwestern na Minnesota walikadiria mwaka 2022 kwamba wasimamizi wa Reddit kwa ujumla wao wanafanya kazi saa 466 kwa siku, kwa uchache, na kwamba kazi hiyo ina thamani ya dola milioni 3.4 kwa mwaka. Ni sawa na asilimia 2.8 ya mapato ya kampuni hiyo ya 2019. Makadirio ya chini, ndiyo, na bado tunazungumzia asilimia 2.8. Machi 2024 kampuni ilipoingia soko la hisa la New York, iliwatengea watumiaji na wasimamizi fungu la hisa kwa bei ya kuanzia, dola 34. Wakanunue, wakuu. Kwa pesa zao.

Kwa hiyo nabadili madai. Asiyetaka mshahara asipewe. Lakini asilimia hiyo ilipie wakili siku msimamizi akishitakiwa au kuandamwa, mshauri wa akili kwa wanaosoma ya usiku, na mtu wa rufaa ambaye si yuleyule aliyekufungia. Nusu Wakili atasema hilo nalo linawafanya mawakala.

Nusu Wakili

Nitasema. Na nitasema pia kwamba ni hiari ya mwenye jukwaa kuchagua kati ya kinga yake na watu wake, ila achague mchana kweupe.

Mleta mada

Mstaafu, swali la pembeni. Ulipoondoka nani alishika nafasi yako?

Msimamizi Mstaafu

Tangazo la kutafuta mtu lilikaa juu ya ukurasa miezi minne. Wale ishirini wa Kidole Gumba sikuwaona. Wakapatikana wawili, mmoja akaacha wiki ya pili. Aliyebaki huniandikia usiku: mtu kaandika hivi na hivi, nifanyeje? Namjibu.

Kidole Gumba

Bure?

Msimamizi Mstaafu

Bure.